Miaka Kumi na Mmoja ya Mtu Mwingine

Wasifu wa kwanza aliuandika kwa mkono wake mwenyewe, kwa wino wa buluu, kurasa tatu zisizo na hata neno moja lililokatwa. Ulianza na kuzaliwa kwake, ukapita kwa baba yake aliyekuwa mkaguzi wa shule, ukakaa kitako kwa marehemu mumewe, mwalimu mkuu wa sekondari kwa miaka kumi na sita, na ulipomfikia yeye ilikuwa imebaki robo ya ukurasa. Robo hiyo ilisema kwamba alisomea uhazili, akafaulu vizuri, akawa mhazili katika ofisi ya ardhi kwa miaka minne, akaolewa. Baada ya hapo yalikuwepo maneno "majukumu ya kifamilia", kisha sahihi yake, nzuri kuliko ya waziri.

Aliupeleka steshenari ya pembeni mwa posta ili upigwe chapa. Mwenye duka lile aliitwa Karani, kwa sababu alikuwa karani wa ajira kwa miaka thelathini katika kiwanda kimoja kabla hakijafungwa, na hakuona haya kusema kwamba ametupa barua za kuomba kazi nyingi kuliko zilizowahi kuandikwa na ukoo mzima wa mtu yeyote. Alizisoma kurasa zote tatu, akavua miwani.

"Mama Mwalimu," alisema, maana mtaa mzima ulimwita hivyo kwa heshima ya mumewe, "anayetafuta kazi hapa ni wewe au marehemu?"

Mama Mwalimu hakucheka. Alimweleza kwamba mtu hajulikani mpaka ijulikane ametoka nyumba gani. Karani akakubali kuwa hayo ni kweli kwenye posa na kwenye tanzia, lakini mwajiri haoi wala haziki. Mwajiri ana rundo la karatasi mezani na chai yake inapoa. Kila karatasi anaipa muda wa kumeza funda moja. Ndani ya funda hilo anataka kujua umefanya nini na umekifanya kwa kiasi gani. Ukiandika "mchapakazi" hujamwambia kitu, kwani hajawahi kumpata aliyejiandika mvivu. Kazi ya mwisho ikae juu, ya kwanza ikae chini, baba na babu wakae nyumbani.

Halafu akaweka kidole kwenye "majukumu ya kifamilia" na kuuliza yalichukua muda gani.

"Miaka ishirini na mmoja."

"Uliwalea watoto wangapi, sitini?"

"Wawili."

Karani akakwaruza kidevu. Akasema pengo kwenye wasifu ni kama pengo la jino: ukifunga mdomo halionekani, lakini kazi haiombwi mdomo ukiwa umefungwa. Kisha akauliza kwa upole, kwa sababu mtaa mzima ulijua, kama si kweli kwamba kwa miaka mingi alikuwa ofisini kwenye ile hoteli kubwa iliyofungwa mwaka jana.

"Hiyo usiiandike," alijibu.

Karani hakuuliza tena. Alipiga chapa kilichokuwepo, ukurasa mmoja uliobaki mweupe nusu, na Mama Mwalimu akaupeleka kwenye ofisi tisa zilizokuwa zikitafuta makarani na wahazili. Miezi saba ilipita. Ofisi moja tu ilijibu, na ilijibu ili kusema kwamba nafasi ni ya walio chini ya miaka thelathini.

Alichomkataza Karani kuandika kilikuwa hiki. Ni kweli kwamba miaka kumi na mmoja alikwenda hotelini kila asubuhi. Alitoka nyumbani na sketi iliyonyooshwa, mkoba begani, viatu vya kisigino, akiwasalimia majirani kama mtu anayewahi kikao. Lakini hakupita mlango wa mbele wa hoteli. Alizunguka nyuma, kwenye mlango wa chuma karibu na mapipa ya taka, akateremka ngazi kumi na nne, akavua viatu, akavaa ndala na koti la plastiki, na kuanza kufua.

Mumewe alipofariki aliacha jina kubwa na nyumba yenye watoto wawili wa shule. Jina halipikwi. Aliomba ofisini kwingi, na kila alipofika alimkuta mtu aliyefundishwa na marehemu, ambaye alisimama kwa heshima, akampa pole, akamwahidi, na asimwite tena. Kule hotelini walikuwa wakitaka watu wa kufua, mara moja, bila vyeti. Mtu wa mlangoni alikuwa na daftari la vibarua, na akamuuliza jina lake bila kuinua macho.

Jina la mumewe lilikuwa limeandikwa kwa rangi kwenye ukuta wa bweni la shule. Nusu ya mji ilikuwa imepita mikononi mwake. Akaliwazia jina lile likiandikwa kwenye daftari lile lenye madoa ya maji, chini ya majina ya watu wa kupara samaki na kubeba mizigo, na ulimi wake ukakataa. Akataja jina la bibi yake, mzaa mama, mwanamke asiyejua kusoma, aliyezikwa zamani, ambaye hakuna mtu angekuja kumtafuta. Mtu wa mlangoni akaandika. Ilichukua muda mfupi kuliko kufunga kifungo.

Alidhani ni kwa mwezi mmoja. Lakini kazi ina mizizi. Baada ya miaka miwili wakamfanya wa kudumu, na wakalihamisha jina kutoka kwenye daftari kwenda kwenye faili. Angesema wakati ule. Kila siku alisema atasema kesho. Baadaye kusema kukawa na maana ya kukiri kwamba alidanganya, na katika nyumba aliyolelewa uongo ulikuwa doa lisilotoka kwa sabuni yoyote. Basi akanyamaza, na kunyamaza hakukuonekana kama uongo.

Na kazi yenyewe aliipenda, jambo ambalo hakulitarajia. Kulikuwa na mashine nne za kufulia, mbili za kukaushia, na pasi ya rola iliyomeza shuka kwa upande mmoja na kulitoa upande wa pili likiwa kama karatasi. Alikuwa na akili ya darasani na aliitia humo. Alijifunza kwamba damu huoshwa kwa maji baridi, kwa sababu ya moto huipika ndani ya uzi. Kwamba kutu haiondolewi na klorini bali huchochewa nayo. Kwamba wino, divai na rangi ya midomo kila kimoja kina adui yake. Kampuni iliyouza mashine ilipoleta mwalimu kufundisha dawa za kufulia kwa wiki mbili, aliongoza watu wote, akapewa cheti chenye muhuri wa dhahabu. Cheti kilisema bibi yake amefaulu kwa daraja la kwanza.

Wenzake walimwita Daktari, kwa vile alivyokagua madoa. Aliyembatiza jina hilo alikuwa Mama Pasi, mwanamke mzima mwenye mdomo usio na mlango, aliyesimamia meza ya kupiga pasi na kuwasengenya mabosi kuanzia wa juu mpaka wa chini bila kubagua. Miaka mitano ya mwisho Daktari alikuwa kiongozi wa zamu, mwenye watu kumi na wanne chini yake. Nyumbani aliwaambia watoto na mashemeji kwamba yuko hotelini, upande wa ofisi. Mikono yake ilipopasuka kwa dawa alisema ana mzio wa vumbi la mafaili, na watu wakampa pole kwa mafaili.

Kisha hoteli ikafungwa, wote wakatawanyika kama mbegu za pamba.

Tangazo la hospitali aliliona kwenye gazeti alilokuta limefungiwa sabuni. Hospitali mpya ya rufaa ilikuwa inatafuta msimamizi wa idara ya ufuaji: mtu mwenye uzoefu wa miaka isiyopungua minane, anayejua mashine kubwa, dawa na kuongoza watu. Alilisoma akiwa amesimama, akalisoma tena akiwa amekaa. Hakuna neno lililomkosea. Lilikuwa kama nguo iliyoshonwa kwa vipimo vyake.

Ilimchukua siku tatu kurudi kwa Karani. Watoto walikuwa wamemaliza shule na wako mbali, kila mmoja akijikokota na maisha yake. Chakula alikuwa akinunua kwa kupima. Lakini kilichomsukuma zaidi hakikuwa njaa. Kwa miezi saba alikuwa amekaa nyumbani kama kikombe cha wageni, kisafi na hakitumiki. Alikuwa anajua kitu. Alikuwa anajua kitu kuliko mtu yeyote katika mji ule, na hakikuwa na pa kwenda.

Alisubiri duka liwe tupu, akaketi, akamwambia Karani mahali alipokuwa kwa miaka kumi na mmoja. Alikuwa hajamwambia mtu mwingine yeyote. Alimwambia akiangalia printa.

Karani hakuonyesha kushangaa. Alivuta kompyuta karibu na kuanza kuuliza. Mashuka mangapi kwa siku? Mia sita, msimu wa wageni mia tisa. Watu wangapi chini yake? Kumi na wanne. Mashuka yaliyochanika kabla hajawa kiongozi, na baada? Akamweleza alivyopunguza muda wa kukaushia mpaka mashuka yakadumu karibu mara mbili. Dawa ilipungua kwa kiasi gani? Walilazimika kukumbuka na kukokotoa pamoja. Kila jibu Karani aliligeuza kuwa mstari mmoja mfupi unaoanza na kitendo: alisimamia, alipunguza, alifundisha. Ukurasa ukajaa. Mama Mwalimu aliusoma kwenye kioo cha kompyuta, na kwa mara ya kwanza tangu azike mume akaona maisha yake yameandikwa na yeye yumo.

"Huyu," alisema Karani akigonga kioo, "barua yake nisingeitupa."

Akaomba vyeti avitoe fotokopi. Mama Mwalimu alivifungua kutoka kwenye bahasha: cheti cha mafunzo, barua ya utumishi ya hoteli, barua ya kupandishwa kuwa kiongozi wa zamu. Karani akaweka cha kwanza juu ya mashine, kisha akakiondoa tena na kukisogeza karibu na kitambulisho chake.

"Huyu ni nani?"

"Ni mimi."

Karani alifunga kifuniko cha mashine. Alianza kusema kwamba nguo ya kuazima, akakumbuka anaongea na nani, hakuimaliza. Alimshauri wapeleke wasifu peke yake, kwa jina lake halisi, na vyeti abaki navyo mpaka siku ya usaili. Wakishamsikia akizungumza, huenda wakamtafutia njia. Alilisema hilo neno "huenda" kwa sauti ya mtu aliyekaa ofisi ya ajira kwa miaka thelathini.

Wakamwita. Ilikuwa Jumanne, chumba cheupe chenye harufu ya rangi mpya, meza ndefu, na wanawake wawili: Afisa Ajira, mwembamba, mwenye faili lililopangwa kwa vibandiko, na Muuguzi Mkuu, mwenye saa iliyobandikwa kifuani. Muuguzi Mkuu ndiye aliyeuliza. Alitaka kujua shuka lenye damu ya siku mbili linafanywaje. Akataka kujua nguo za wodi ya wagonjwa wa kuambukiza zinatembea njia gani kutoka kitandani mpaka kabatini, na kama ingekuwa yeye, mlango wa nguo chafu na wa nguo safi angeuweka wapi.

Mama Mwalimu alieleza. Hakuongea haraka. Aliomba karatasi, akachora chumba, milango miwili isiyotazamana, sehemu ya kupokelea yenye ndoo za kifuniko, mashine katikati kama ukuta. Akasema kwamba kosa la kwanza linalofanywa na watu wengi ni kutumia toroli moja kwa nguo chafu na safi, kwa sababu toroli halisemi lilibeba nini jana. Muuguzi Mkuu aliweka kalamu chini. Akamgeukia mwenzake na kusema kwamba wameshawaona watu sita, na huyu ndiye wa kwanza kuzungumzia toroli.

Ndipo Afisa Ajira akaomba vyeti. Alivisoma kimoja baada ya kingine, akavipanga upya, akavisoma tena.

"Mama, hivi ni vya nani?"

"Ni vyangu."

"Na huyu aliyeandikwa humu?"

"Ni bibi yangu. Mzaa mama."

"Bibi yako alikuwa anafua hotelini?"

"Bibi yangu alifariki nikiwa na miaka tisa."

Muuguzi Mkuu alitaka kucheka, lakini alipomtazama usoni akaacha. Ikabidi aeleze yote, mbele ya watu asiowajua, kwa maneno machache kadiri alivyoweza. Alisema alikuwa mjane mpya na hakutaka jina la mumewe liingie mahali pale. Alipolisema kwa sauti lilikuwa jambo dogo na la kijinga, kama kitu kilichotolewa sandukuni baada ya miaka mingi.

Afisa Ajira hakuwa mtu mbaya, na si haki kumsimulia kana kwamba alikuwa. Alisema yeye binafsi anamwamini, lakini faili haliamini. Faili litakwenda kwa bodi, bodi ina wakaguzi, na mkaguzi atauliza kwa nini msimamizi wa idara ana uzoefu wa marehemu. Ile hoteli haipo, meneja wake alishahama nchi. Njia ni moja: hati ya kiapo ya kwamba majina haya mawili ni ya mtu mmoja, iliyogongwa muhuri na wakili, na kuapwa pia na ndugu, wa damu au wa ndoa, aliyemjua kwa majina yote mawili kwa miaka isiyopungua mitano. Orodha inafungwa Ijumaa saa sita mchana.

"Ndugu mmoja tu," alisema Muuguzi Mkuu, kama anayempa moyo. "Hukosi ndugu mmoja."

Kesho yake alikwenda kwa Mama Pasi. Alimkuta uani kwake, mabeseni matatu mbele yake, akifua nguo za watu kwa mkono, mikono ile iliyozoea rola. Mama Pasi alifurahi sana kumwona, akamkaribisha kwa vijembe, akamuuliza ni ofisi gani iliyompa viatu vile. Hakuwahi kumwona na viatu vya kisigino. Mama Mwalimu alikaa kwenye kigoda na kumwambia jina lake halisi, nyumba yake, na mume wake alikuwa nani.

Mama Pasi alikamua shati, akalitundika, akarudi.

"Kumbe miaka yote ile nilikuwa nasengenya watu na mtu nisiyemjua."

Mama Mwalimu akaomba radhi. Mama Pasi akasema hana neno, akarudi kwenye beseni.

"Mwanangu alipokufa," alisema baadaye, "ulikuja kwangu, ukalala chini na mimi siku mbili. Alikuja nani?"

"Nilikuja mimi."

Mama Pasi alimtazama kama anayetafuta doa kwenye kitambaa cheupe. Akajifuta mikono, akavaa kanga safi, wakaenda wote kwa wakili.

Wakili alikuwa kijana mwenye tai pana, aliyewasikiliza kwa adabu. Alimuuliza Mama Pasi ni ndugu wa nani. Mama Pasi akamwambia kwamba amefua na mwanamke huyu kwa miaka kumi na mmoja, jasho lao limeingia beseni moja, mchanga wa kaburi la mwanawe wameutia pamoja. Kama huo si undugu basi wamwonyeshe ule wanaouuza madukani. Wakili alitabasamu, akasema kwa masikitiko kwamba fomu haijui mabeseni. Na hata ingejua, akauliza, hili jina lake la pili amelijua tangu lini?

Mama Pasi hakuwa mtu wa kudanganya wakili. "Tangu asubuhi," alisema.

Walirudi pamoja. Kwenye njia panda Mama Pasi alimshika mkono, akaanza kumwita Daktari, jina alilolizoea, likakwama katikati. Hakuwa na lingine la kumwita. Akamwambia tu aende salama.

Akabaki shemeji. Alikuwa kaka mkubwa wa marehemu, hakimu mstaafu, mtu aliyekunja gazeti kwa mikunjo ileile kila siku na ambaye watoto walimwita Baba Mkubwa kwa sauti ya chini. Baada ya msiba yeye ndiye aliyesimama na familia. Kila mwisho wa mwaka alimuuliza shemeji yake kama ofisi inamtendea vema, naye alijibu kwamba inamtendea vema.

Alhamisi alasiri alimkuta sebuleni, chini ya picha ya marehemu akiwa amevaa joho. Akakaa kwenye kiti kilichoipa picha kisogo. Alisimulia kuanzia mlango wa chuma mpaka fomu ya wakili, bila kujipamba. Shemeji hakumkatiza; ilikuwa tabia ya kazi yake. Alipomaliza, mzee alikunja gazeti lake kwa mikunjo ileile.

Hakukemea. Ingekuwa nafuu angekemea. Alisema kwa utulivu kwamba anasikitika ndugu yake aliacha mke ambaye ilibidi afue, na anasikitika zaidi kwamba yeye mwenyewe hakuambiwa. Kisha akauliza, kama aliyekuwa akiuliza mashahidi:

"Nani katika nyumba yetu alijua?"

"Hakuna, shemeji."

"Watoto?"

"Hawakujua."

"Dada zako?"

"Hakuna aliyejua."

"Basi hakuna wa kukuapia," alisema. "Mimi ningeapa, nisingeona haya. Lakini fomu inataka niape kwamba nilijua. Sikujua. Nimewafunga watu kwa kiapo cha namna hiyo, tena wenye shida kubwa kuliko yako."

Mama Mwalimu alitaka kumwambia kwamba ni karatasi tu, kwamba hakuna atakayeumia, kwamba Ijumaa ni kesho. Maneno yalifika mpaka kwenye meno. Hakuyasema, kwa sababu alijua kwamba kama mzee yule angekubali, asingemheshimu tena, na kwamba heshima hiyo ndiyo aliyokuwa akiilinda alipoteremka zile ngazi kumi na nne. Alikuwa amefunga kila mlango kwa mkono wake, mmoja baada ya mwingine, kwa uangalifu wa mtu mwenye elimu. Siri yake haikuvuja hata tone. Na sasa lilihitajika tone moja tu.

Shemeji akamhakikishia kwamba familia haitamwacha alale njaa. Akasema pia, akishusha sauti ingawa walikuwa wawili tu, kwamba ni vema jambo hili libaki humu ndani, kwa ajili ya marehemu na kwa ajili ya watoto ambao bado hawajaoa wala kuolewa. Mama Mwalimu akaitikia kwa kichwa. Kwa hilo walikuwa hawajawahi kutofautiana.

Ijumaa saa tano alikuwa hospitali. Angeweza kutokwenda, lakini alifundishwa kwamba mtu aliyeitwa hufika, hata akiwa mikono mitupu. Afisa Ajira alipomwona ameketi bila bahasha alielewa. Alijaribu, hilo lazima lisemwe: alitoka, akaongea na mtu kwenye korido kwa dakika kadhaa, akarudi akitikisa kichwa. Akasema Muuguzi Mkuu amesikitika. Akasema kuna nafasi za vibarua wa kufua ambazo hazihitaji cheti, lakini mwisho ni miaka arobaini. Halafu akaufungua wasifu kwenye faili, akachomoa pini taratibu ili karatasi isichanike, akamrudishia.

"Chukua, mama. Umeandikwa vizuri. Hapa utatupwa tu."

Njia ya kutokea ilipita nyuma ya jengo, kando ya idara ya ufuaji. Milango ilikuwa wazi. Mafundi walikuwa wanashusha mashine mpya kutoka kwenye lori, na ndani, msichana mwenye fulana ya hospitali alikuwa anawaonyesha pa kuziweka. Mashine ya kwanza ilikuwa imewekwa ukutani. Milango miwili ilitazamana. Katikati ya sakafu kulikuwa na toroli moja, jipya, linang'aa, na juu yake wameweka nguo safi zilizokunjwa pamoja na mifuko ya taka za ujenzi.

Alisimama hapo kwa muda wa kutosha kuhesabu makosa manne. Msichana akageuka, akamwona mama aliyevaa vizuri mwenye mkoba begani, akamuuliza kwa adabu kama amepotea, kwamba wodi ziko upande ule mwingine.

Alishukuru, akaenda upande ule mwingine, maana alikuwa ameelekezwa. Alipita katikati ya wodi mpaka akatokea geti kuu.

Wasifu hakuutupa. Aliukunja mara mbili na kuutia ndani ya mkoba. Karani alimwona akipita mbele ya duka, akainua mkono, na alipoona anavyotembea akaushusha, akajifanya anafuta kioo cha fotokopi. Mama Mwalimu hakwenda dukani kwake siku ile wala wiki iliyofuata. Kulikuwa na nini cha kupiga chapa? Ukurasa uliojaa haukuwa na mwenyewe, na ule uliokuwa na mwenyewe ulikuwa mweupe nusu, na ungezidi kuwa mweupe kila mwaka.

Kwenye kona ya mtaa wake alikutana na jirani, mke wa fundi cherehani, aliyekuwa akipenda kujua nani katoka wapi. Jirani alimsifu kwa viatu, akasema amesikia kwamba ameonekana hospitali mpya mara mbili wiki hii, je, ndiyo kazi tayari?

Mama Mwalimu alinyoosha mkanda wa mkoba begani.

"Hapana, nilikwenda kumtazama mgonjwa."

Jirani akauliza mgonjwa anaendeleaje. Akamjibu kwamba hana nafuu sana. Jirani akamtakia mgonjwa afya njema, na yeye akashukuru kwa niaba yake, akaingia ndani.